Mwizi wa Mchicha

Kinyozi alijibana nyuma ya tangi la maji, akamtazama jirani akichuma mchicha. Hakupiga kelele. Alichungulia tu, roho kwatu, kama mtu anayehesabu thawabu zake.

Jirani huyo alikuwa dobi, mjane mwenye watoto watatu. Kinyozi alikuwa amegundua kitambo kwamba mchicha unapungua kwenye viroba sita vya udongo alivyopanda uani. Mwanzoni alitaka kuzua varangati. Kisha akawafikiria wale watoto, akaacha mlango wa uani bila komeo.

Kibandani kwake wateja walikuwa wa kuokoteza, lakini kila aliyekalia kiti aliisikia habari hiyo mpaka shingo ikamkakamaa.

"Njaa haiondoki kwa mikutano," alisema, mkasi ukielea hewani. "Mimi nimepanda viroba sita. Nyumbani tunakula, na kuna mtu namlisha kimyakimya."

"Unamwagilia saa ngapi?" mteja mmoja akauliza.

Kinyozi alikohoa. "Mkono wangu una baraka. Mchicha wangu hautaki kusumbuliwa."

Mkewe, aliposimuliwa ukarimu huo, aliinamia sufuria na kukoroga kwa nguvu. "Mwache achume, baba watoto. Usimwambie neno."

Kinyozi akajipongeza kwa kuoa mwanamke mwenye huruma kama yeye.

Lakini asubuhi hii uvumilivu ulimwishia. Kutenda wema wiki sita mfululizo bila hata asante moja, jamani, kunachosha. Akatoka mafichoni, akajikung'uta shati, akatabasamu kama mgeni rasmi.

"Chuma tu, dada yangu," alisema. "Usinionee haya. Najua yote, na nimekusamehe."

Dobi aliinuka taratibu, magoti yamejaa udongo, ndoo ya maji mkononi.

"Afadhali tumeonana, shemeji," alisema kwa upole, kama anayeongea na mgonjwa. "Miche yako ilikauka wiki ileile uliyoipanda. Huu mchicha ni wangu, mkeo aliniachia viroba nikapanda upya. Aliponiambia kazi ya kunyoa imekuwa ngumu, nikasema basi, nusu iwe yenu, watu wasilale njaa nami nipo. Ila nakuomba kitu kimoja: mkichuma, msivuke upande wenu. Juzi wanangu walikosa mboga."