Mguu wa Baba Mdogo

Kitu cha kwanza alichokiona Mbeleje ni ule mguu. Wanakijiji walikuwa wakichora ramani ya mashamba yao kwa majivu, chini pale uwanjani, kama mpimaji alivyowaomba. Wote walizunguka wakibishana, ila baba yake mdogo, Chiduo, hakusogea. Ndala yake ilikanyaga palepale, ng'ambo ya mstari wa majivu ulioonyesha korongo.

"Shemeji, korongo lako limenyooka kama barabara ya lami!" mwanamke mmoja alimtania jirani yake.

Mpimaji alitoa kamera. "Nikishapiga picha, hiyo ndiyo ramani yenu. Kuna shamba lililosahaulika?"

"Hakuna," Chiduo alijibu upesi mno.

Mbeleje alilifuata korongo kwa macho. Shamba la kanisa lilikuwepo. La jirani lilikuwepo. Kati ya hayo mawili palikuwa na mguu tu, mahali ambapo yeye hulima uwele tangu baba yake afariki.

"Baba mdogo, hebu sogea kidogo."

"Nisogee niende wapi? Nenda kawapikie wageni uji."

Watu walicheka. Mbeleje alichota majivu, akachuchumaa mbele ya ile ndala. Vicheko vikakoma.

"Hapo pana nini, dada?" mpimaji aliuliza.

Kila mtu aliliita "shamba la marehemu", hata Mbeleje mwenyewe. Majivu yalimponyoka, yakaangukia vidole vya Chiduo, ambavyo bado havikusogea.

"Pana shamba langu," Mbeleje alisema.