Kiwanja Kisicho na Mchwa

Kware alikuwa karibu kutaga, na alitaka kiwanja cha kulelea vifaranga. Ngedere, dalali mwenye maneno mengi, alimpeleka kwenye ardhi iliyomwagiwa kifusi chekundu.

"Hapa, mama, hakuna mchwa hata mmoja! Nyumba yako itadumu mpaka wajukuu waichoke."

Kware hakuamini kitu bila kukichakura, kwa hiyo alichakura. Hakuona mchwa, wala siafu, wala mnyoo. Chini ya kifusi, udongo ulikuwa mweusi na ulinuka.

"Nani alikuwa hapa?"

"Fisi tu, alikuwa akiloweka ngozi kwenye dawa. Mambo ya zamani hayo, mama!"

"Na kile cha jirani, chenye vichuguu?"

"Kile? Mchwa wataila nyumba yote!"

"Waile tu, nyumba nitajenga tena. Mwanangu akidonoa dawa ya Fisi, nitamjenga upya?"

Kware akahamia kwenye vichuguu. Kesho yake Ngedere alionekana akichota mchwa huko kwa kifuu na kuwamwaga kwenye kile kiwanja cha kifusi, ili mteja mwingine awakute. Mteja alipofika, mchwa walikuwa wameshapanga mstari, wanarudi kwao.