Mkono wa Mwoka Mikate

"Weka chini!" mama mkwe alipiga yowe, utadhani kaona nyoka.

Mwoka mikate akaweka chini. Kilikuwa kikombe cha chai.

Tangu upasuaji wa saratani ya titi, mkono wake wa kushoto ulikuwa umeumuka kama unga wenye hamira, na kila ndugu akageuka daktari. Shangazi alikataza ndoo. Mama mkwe alikataza sufuria. Shemeji akakataza hata funguo za duka. Hizo alijitolea kuzibeba mwenyewe.

"Wewe pumzika tu," alisema, akijinyoosha kwenye kiti cha mwenye duka. "Kazi niachie mimi."

Mikate ikaanza kutoka imeungua juu, mbichi ndani. Wateja wakawa wanapita ng'ambo ya barabara wakijifanya hawaoni.

Majirani waliambiwa ni bega limeteguka. Ugonjwa wenyewe mama mkwe aliutaja mara moja tu, kwa kunong'ona, kama mtu anayetaja wizi.

Hospitalini, mtaalamu wa mazoezi alisoma jina kwenye faili, akainua macho, akasoma tena. Kisha akatabasamu.

"Nani kakukataza kunyanyua vitu?"

"Ukoo mzima."

"Na ukoo mzima umesomea wapi? Tunaanza na uzito mdogo, unavaa kitambaa cha kubana mkononi, tunaongeza polepole. Uvimbe ukizidi, niambie mara moja. Darasa ni kila Jumanne."

Jumanne ya kwanza alisimama nje ya ukumbi, akasikia vicheko vya waliomo, akageuza. Iliyofuata akageuza tena. Mwishowe mvua ndiyo iliyomsukuma ndani, koti limefungwa vifungo hadi kidevuni. Vicheko vikakatika.

Mama mmoja mnene akasogea kwenye benchi. "Kaa, usituogope. Mkono wako na wetu ni ndugu."

Akakaa. Akaanza na vyuma vyepesi vilivyomtoa jasho la aibu. Miezi ikapita. Uvimbe haukuisha, ila nguvu zilirudi, na usingizi pia.

Asubuhi moja akaingia dukani. Shemeji alikuwa anakoroma, tanuri linafuka moshi. Mwoka mikate akavua koti, akanyanyua trei ya mikate mibichi kwa mikono miwili, akaisukuma ndani.

"Mkono! Mkono jamani!" mama mkwe akalia.

"Uko kazini, mama. Shemeji, amka ushike ufagio."

Majirani walishajaa mlangoni. "Kumbe bega limepona?" mmoja akauliza.

"Halikuwa bega. Ilikuwa saratani ya titi."

Mama mkwe akaketi juu ya gunia la unga, mikono kichwani. Mtu mmoja akaguna, mwingine akaziba mdomo.

Ndipo mkewe alipoacha kukanda unga, akaja kusimama ubavuni pake.

"Mmemsikia mume wangu," akasema. "Haya, nani anataka mkate?"