Fisi Aliyeshinda Ubishi

Sikilizeni, nyie mliosoma. Mtoto wa Swala aliharisha, mama yake akampeleka kwa Korongo, daktari wa mbugani.

"Asinywe maji mpaka apone," alisema Korongo. "Ushahidi upo. Wote waliorudi kunishukuru niliwapa sharti hilohilo."

Fisi, aliyefukuzwa shule darasa la kwanza kwa kumtafuna mwenzake mkia, alikuwa amejilaza jirani akisubiri mtoto afe. Angenyamaza tu, angekula. Lakini Fisi na sifa, utawatenganisha wapi?

"Dokta, wewe unawahesabu wanaorudi," alicheka. "Wasiorudi nawala mimi. Wakavu kama kuni! Na hao wanaokushukuru nawaona mtoni, wanakunywa kwa kujificha."

"Wewe una cheti gani?" Korongo alifoka.

"Tumbo langu! Bisha basi, tuone."

Korongo aligeuka ili Mama Swala amtetee. Hakumwona. Alikuwa ameshafika mtoni, na mwanawe anakunywa.

Fisi alishinda ubishi ule, hilo halina mjadala. Jioni alimsimulia kila aliyepita jinsi alivyomnyamazisha daktari, huku tumbo lake likinguruma kumzidi yeye mwenyewe.