Paka Ruksa

"Paka ruksa," alisema mama mwenye nyumba kabla sijafungua mdomo, na machale yakanicheza. Kote nilikopita nilifukuzwa kwa sababu ya paka. Huyu hata hakunitazama mimi. Aliinama akachungulia kikapu nilichombebea.

"Sikio lilipatwa na nini?"

"Nilimwokota hivyo hivyo."

Sebule ilikuwa safi, kodi ya kawaida. Nilifungua mabomba, nikakagua dari, nikitafuta dosari. Niliiona chini ya mlango wa jikoni: rangi imekwanguliwa na kucha.

"Mpangaji aliyepita alifuga?"

"Hajapita mpangaji. Nilikuwa nakaa mimi." Alifunga mlango wa nje taratibu. "Mfungulie, mwanangu. Apazoee."

Mahali pageni, paka wangu hukimbilia uvunguni. Leo alitoka mkia juu, akavuka sebule bila kunusa kitu, akafika kwenye mlango ule, akaziweka kucha palepale penye mikwaruzo.

Mama mwenye nyumba alipangusa macho kwa kiganja.

"Nilijua aliyemchukua iko siku atahangaika kutafuta pa kukaa naye," alisema, akatia ufunguo mfukoni.