Ukoko wa Mpishi Faki

Pilau ya harusi ilikuwa inanuka moshi, na mama wa bibi harusi alikuja uani kumuuliza mpishi Faki kulikoni.

"Muulize mke wangu," Faki alisema, akiiweka sawa kofia yake. "Kachochea moto kama anachoma matofali. Mimi sijaunguza chakula tangu nizaliwe."

Mwatumu, mkewe, alikuwa ameinamia sufuria kubwa na waya wa kusugulia mkononi. Kila penye shughuli, hiyo ndiyo kazi yake: kuuondoa ukoko mweusi kabla mgeni hajachungulia, kisha kubeba lawama. Leo aliutupa waya kwenye majivu. Akaibeba sufuria mpaka kwenye mkeka wa wageni, akaiinamisha wote waone.

"Mimi nilikuwa kisimani," alisema. "Moto nilimwachia yeye, akawa anawasimulia watu anavyojua kupika."

Faki akacheka kwa sauti, akabandua kipande cheusi kama mkaa, akakitia mdomoni.

"Nyie hamjui kula," alisema, meno yakilia kra kra. "Nimekusudia hivi. Ukoko ndio utamu wenyewe."

Machozi yalimlengalenga, lakini tabasamu alilishikilia palepale. Mwatumu akachuchumaa, akabandua kipande kingine, kikubwa kuliko cha kwanza, akakiweka kwenye sahani na kumsogezea.

"Kula, mume wangu. Bado upo mwingi."

Faki akaitazama sufuria. Akawatazama wageni. Akanyoosha mkono.