Farasi na Turubai la Bluu

Farasi mmoja alikuwa na mbio kuliko wenzake, ila akifika penye turubai la bluu lililoanikwa kwenye uzio wa uwanja, hukurupuka pembeni na kupitwa. Walimwambia asiogope, akazidi kuogopa.

Punda akamnong'oneza, "Kaka, lile dude linanitisha. Hebu kalichungulie, uje unieleze."

Farasi akasogea, akalinusa, akalikanyaga. "Kitambaa tu. Njoo nikusindikize."

Kesho yake akashinda. Jioni akamwona Punda akivuta mkokoteni, mzigo umefunikwa turubai lile lile.

"Kumbe ni lako?"

"Ningekwambia ni kitambaa tu, ungeniamini?"

Farasi akatazama mlingotini, akarudi hatua moja nyuma. "Na ile bendera, nayo inakutisha?"

"Sana," akasema Punda.

Farasi akaenda kuichungulia.